Valvu, Mlinzi wa Kwaya

Watu wa Bukoba na Muleba tumejaliwa mengi: ziwa, migomba, kahawa, senene kwa msimu wao, na wasomi wasiosubiri kuulizwa ndipo waseme. Katika kuzihesabu neema hizo huwa tunaisahau moja, labda kwa kuwa ni ndogo na inakaa nyuma ya ampi ya gitaa, ambako hakuna anayechungulia. Nayo ni valvu. Wahazini wa kwaya wanainung'unikia, vijana wanaitukana, na fundi redio akifungua ampi akaiona, hurudisha skrubu zote mahali pake na kuanza kuulizia hali ya nyumbani. Naona umefika wakati mtu aisemee.

Valvu ni chupa ya kioo iliyoondolewa hewa, yenye waya ndani unaopashwa moto mpaka uwe mwekundu. Mmarekani Lee de Forest alibuni ile ya kukuzia mawimbi mwaka 1906, na redio za babu zetu enzi za Sauti ya Dar es Salaam zilijaa chupa hizo. Mwaka 1947 ikabuniwa transista, na dunia ikaharakisha kuamini kwamba kifaa kidogo, cha bei rahisi, kisichopasuka wala kuunguza vidole ndicho bora. Wapiga gitaa hawakudanganyika. Wanasema valvu ikizidiwa nguvu hukwaruza kwa utamu, ilhali transista hukwaruza kwa hasira. Ndiyo maana wahisani wa Ulaya wakitupakilia ampi kwenye kontena, pamoja na baiskeli na magodoro ya hospitali, huweza kutupatia hiyo ya valvu, nzito ya kushushwa na vijana wawili, isiyo na valvu hata moja ya akiba.

Tuanze na elimu. Valvu ileile Ulaya huitwa ECC83, Marekani huitwa 12AX7. Ile ya kusukuma spika, EL34 ya Ulaya, kwa Mmarekani ni 6CA7. Aliyekariri majina hayo manne tu anaweza kusimama popote sokoni Bukoba akaheshimiwa mpaka jioni. Nshomile wetu, wale wasomi wasiosubiri kuulizwa, walikuwa wanaelekea kuishiwa: siasa imesemwa, mpira umesemwa, na bei ya kahawa inauma kuisema. Valvu imewafungulia uwanja ambao hakuna wa kuwapinga.

Halafu kuna raha ya kuchagua. Viwanda vya valvu vilivyobaki duniani ni vya kuhesabu kwa vidole: kipo cha JJ mjini Čadca, Slovakia, kipo cha Saratov, Urusi, na vipo vya China. Hicho cha Saratov peke yake hutoa valvu zenye majina ya Sovtek, Electro-Harmonix, Tung-Sol na hata Mullard, ingawa Mullard ya asili ilikuwa ya Waingereza na kiwanda chake kilikuwa Blackburn. Ni watoto wa tumbo moja waliopewa majina ya mababu tofauti. Hilo halimzuii mjuzi kukwambia kwamba huyu ana sauti ya asali na yule ana makali kwenye nyuzi nyembamba. Ulaya mabishano haya hufa mapema, maana mtu huchomeka moja, akachomoa, akachomeka nyingine, ukweli ukajulikana. Kwetu hakuna ya pili ya kulinganishia, kwa hiyo mtu anaweza kuwa bingwa wa sauti za valvu mpaka astaafu bila kuaibishwa hata mara moja. Machi 2022, Urusi ilipozuia kwa muda kuziuza nje, maduka ya Marekani yalihaha na bei zikapanda. Muleba hatukutikisika. Zilikuwa hazipo tangu mwanzo.

Anayetaka kuzipata hafungwi na mtu. Kampala ni karibu kilomita 300 kupitia Mutukula, Dar es Salaam ni zaidi ya elfu moja, na Mwanza kuna meli. Popote atakapoenda atauziwa transista za nguvu zilizoandikwa Toshiba, ambazo Toshiba wenyewe hawazijui, na ataambiwa kwamba zinafanya kazi ileile. Akibahatika kuagiza valvu zenyewe kutoka ng'ambo atagundua kwamba zile za kusukuma spika huuzwa kwa jozi, zilizopimwa zikalingana. Ikifa moja, unanunua mbili. Wenye roho ndogo huona hapo hasara. Mimi naona kifaa pekee cha umeme kinachoheshimu ndoa. Na zikishafika lazima fundi apime mkondo wake na kuusawazisha, ndani ya ampi yenye volti zaidi ya 400 ambazo hubaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa plagi. Kazi hiyo imewarudisha mafundi wengi kwenye sala.

Uzuri wa valvu ni kwamba haifichi ugonjwa wake. Tazama kioo chake karibu na ncha: kuna doa la rangi ya fedha. Likigeuka jeupe, ujue hewa imeingia na hakuna dawa. Kama doa ni zima, washa ampi, chukua penseli, gonga kila chupa polepole. Iliyo nzima hukaa kimya au hulalamika kidogo, iliyolegea ndani hulia kwenye spika, "nging!", na kuendelea kulia. Nimeshuhudia uchunguzi huo ukifanywa wakati wa matangazo ya kanisa, na sijawahi kuona waumini wakiyasikiliza matangazo kwa makini kiasi kile.

Umeme nao unashirikiana vizuri. Kwa miaka mingi ule wa mkoa wetu wa Kagera ulitoka Uganda kupitia Kyaka, nasi tukajifunza kuupokea kama mgeni, bila kumuuliza amekuja na nini. Waya wa ndani wa valvu hutaka volti 6.3. Ukutani zikishuka kutoka 230 hadi 180, kwenye valvu hufika chini ya 5, na chupa hufumbua jicho moja tu. Gitaa hapo hutoka kwa unyenyekevu ambao mpigaji mwenyewe hajawahi kuufikia.

Tukifika kwa mpigaji tumefika kwenye kiini. Uwezo wa kukuza wa 12AX7 ni 100, wa 12AT7 ni 60, na wa 12AU7 hauzidi 20. Zote tatu huingia kwenye soketi moja. Mzee wa kanisa aliyeelezwa jambo hili hakuhitaji kurudiwa.

"Kwa hiyo tukiweka hiyo ya 20, kijana wa solo atapungua?"

"Atapungua sana, Tata."

"Waitu! Na yeye hatajua?"

"Atadhani ni umeme."

Hiyo ndiyo huduma kubwa ya valvu, na ndiyo ninayoitetea. Kwaya isipofanya mazoezi, kosa ni la valvu. Sauti ya tatu ikipotea njia kwenye ubeti wa pili, valvu imechoka. Besi akianza wimbo ambao wenzake hawajaufikia, ampi ilikuwa haijapata moto. Mwalimu wa kwaya halaumiwi, mpiga solo hafukuzwi, na mhazini ana maelezo ya mchango wa jozi mpya, ambao kwa umbali wa Slovakia hauwezi kukamilika mapema. Undugu wa watu zaidi ya thelathini umesimama juu ya chupa mbili za kioo.

Kwa hiyo kwaya yoyote ya Muleba itakayopewa ampi mpya ya transista, nyepesi, yenye dhamana na duka lake hapo mjini, naishauri ishukuru kwa adabu na kuikataa. Ampi ya namna hiyo itawaka kila Jumapili, na watu wataanza kusikiliza tunavyoimba.