Barua ya Wazi kwa Seneti ya Chuo Chetu

Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti,

Sisi wanafunzi wenu, tuliotoka kidato cha sita na daraja la kwanza, tunaandika kutoa shukrani.

Kwanza, asanteni kwa hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja ni saa kumi za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Hizo ni krediti 60 kwa muhula, yaani saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kwa wiki. Saa za ofisini kabisa! Kasoro ni moja tu: kila mhadhiri anaamini hizo 40 ni zake peke yake. Ndiyo maana kozi tano zilitupa jaribio kati ya Jumatatu na Alhamisi, na ya sita ikataka ripoti ya kundi Ijumaa saa mbili asubuhi.

Asanteni pia kwa kazi za makundi. Tuko kumi: mmoja anaandika, mmoja anatoa hela ya kuprinti kwenye bumu (mkopo wa kujikimu) lililobaki, wanane wanatuma namba za usajili kwa WhatsApp. Alama zinakuwa sawa kwa wote. Usawa huo hata Azimio la Arusha halikuufikia.

Tena mmetufunza unyenyekevu. Mhadhiri alipotutangazia kwamba A ni ya Mungu, B ni yake, sisi tugawane C, tulijua mahali petu. Kozi yake ina jina kubwa kwa idadi ya waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio, na waliodisko, yaani walioondolewa chuoni kwa kufeli. Hospitali ikijisifu kwa wingi wa maiti, wizara huifunga.

Alama za majaribio nazo hubandikwa usiku wa kuamkia mtihani wa mwisho wa muhula (UE), ili tusikate tamaa mapema. Kisha tunalaumiwa kwamba hatusomi vitabu. Ni kweli, tunasoma desa, yaani muhtasari wa somo: kurasa 30 zinamalizika kabla ya jaribio la kesho, kitabu hakimaliziki.

Hatuombi kozi ziwe rahisi. Tunaomba kalenda moja ya majaribio, yasizidi mawili kwa wiki, na alama zirudi wiki mbili kabla ya mtihani. Hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Linahitaji wahadhiri sita wakae meza moja nusu saa. Tukifeli baada ya hapo, tutadisko kwa haki.

Wenu watiifu,
Wanafunzi wa Mwaka wa Pili