Kamati Haivunjwi Bure

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haina makuu. Wanaotaka kuoana Tanzania watoe taarifa siku 21 kabla, waje na mashahidi wawili, basi. Haidai ukumbi, wala haisemi vitambaa vya viti vifanane na kucha za matroni.

Hayo ni ya kamati ya harusi. Ina mwenyekiti, katibu na mhazini, na vikao vyake vya baa huhudhuriwa vizuri kuliko vya serikali ya mtaa. Kundi la WhatsApp unaingizwa bila kuulizwa. Ukijitoa, ukoo mzima unajua. "Mpendwa, ahadi yako bado," katibu anakumbusha, na namba ya M-Pesa iko hapo chini ili usihangaike kutafuta kisingizio. Kadi nazo zina daraja: ya mtu mmoja, ya wawili. Aliyechanga kidogo anaombwa awakumbuke maharusi kwa sala, akiwa kwake.

Na hapo kicheni pati na sendofu zimeshapita, kila moja na sare yake, kila kitenge na fundi wake aliyechelewa.

Siku yenyewe inapendeza, sikatai. Analetwa ndafu, mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni, na anapigwa picha nyingi kuliko bwana harusi. MC anapiga kelele. Wali unaisha kabla ya meza za nyuma.

Baada ya wiki, wajumbe wanakutana tena kuvunja kamati rasmi. Kuna nyama choma, bia na muziki. Mchango wako unapokelewa kwa namba ileile.