Kwa Heshima ya Trela

Washairi wa pwani waliusifu mnazi kuanzia kuti hadi kifuu, na mnazi ulistahili. Trela ya filamu, inayotunyima usingizi bila kuchoka, bado haijapata wa kuitungia hata ubeti mmoja. Nasimama basi kuisifu, hasa trela ya filamu za mashujaa wa Marvel, na hasa msimu huu tunapoisubiri Avengers: Doomsday, iliyokuwa itoke tarehe 1 Mei 2026 ikasogezwa hadi tarehe 18 Desemba, bila shaka ili tuzidi kuipenda.

Trela ni fupi. Haikatizwi na matangazo, maana yenyewe ndiyo tangazo. Humpa kila mhusika sentensi moja, na mara nyingi hiyo ndiyo bora kuliko zote alizoandikiwa. Hayo nayapita.

Fadhila yake kuu ni elimu. Mpwa wangu, ambaye kitabu cha fizikia humlaza kabla hajafungua ukurasa wa pili, anaweza kukaa na sekunde moja ya trela jioni nzima. Anaisimamisha, anaivuta kwa vidole viwili hadi sura za watu zinageuka vigae, anarudi nyuma kidogo, anaandika kwenye daftari. Daftari! Juzi aliniita.

"Mjomba, hebu angalia hapa nyuma, kwenye giza. Unamwona mtu?"

"Huo ni ufa wa kioo cha simu yako."

Akafuta kioo kwa shati. Ufa ukabaki, na nadharia ikabaki, tena kufikia usiku ilikuwa imeshapata wafuasi. Ni chuo gani kingine kinachozalisha watafiti wa namna hii, bila ada, bila mkopo, bila kugoma? Wanajua nani amevaa glavu ipi, mkono upi, na ile iliyomwagikiwa damu ilimwagikiwa katika filamu ya ngapi. Wanabishana kwa ushahidi. Wanatajiana vyanzo. Mwalimu wao wa fizikia angewaona angelia.

Na trela, kama mwalimu mwenye hekima, huwatungia mitihani migumu. Mwaka 2017 ile ya Infinity War ilituonyesha Hulk akitimua mbio pamoja na wenzake katika uwanja wa vita Wakanda. Tulikichambua kipande kile kama watu wanaochambua mchele wa harusi. Filamu ilipotoka 2018, Hulk alikuwa amegoma kutoka, na Bruce Banner, yule mtu anayegeuka Hulk, akapigana Wakanda akiwa ndani ya dude la chuma. Kipande kile hakikuwemo. Yaani tulikuwa maprofesa wa waraka wa kughushi.

Tarehe 26 Machi 2025 sanaa hii ilifika kileleni. Marvel ilirusha mtandaoni, moja kwa moja, picha za viti. Viti vitupu, vya aina wanavyokalia waigizaji wakisubiri kuitwa, kila kimoja kikiwa na jina mgongoni. Kamera inaganda kwenye kiti kwa dakika kadhaa, kisha inajikokota hadi kingine. Majina 27, kwa zaidi ya saa 5. Kwetu usiku ulishaingia na chakula kimepoa, nami nimekodolea macho mgongo wa kiti. Lilipotokea jina la Letitia Wright, kisha la Winston Duke, waigizaji wenzake Lupita Nyong'o wetu, nikasema sasa zamu yake inakuja. Haikuja. Jina la mwisho lilikuwa la Robert Downey Jr., ambaye tulishatangaziwa tangu Julai 2024 kwamba yumo.

Hapa naomba niiweke heshima pembeni kidogo. Bando langu liliishia kwenye viti! Mwenye duka mtaani akitaka kubandika bango lake ukutani kwako, utamuuliza analipa kiasi gani. Hawa wa Marvel tunawanunulia bando ili tuone bango, tunalisambaza wenyewe katika makundi ya ukoo, kazini na kanisani, na asiyelisifu tunamwona adui. Trela ya kwanza ya Endgame, Desemba 2018, ilitazamwa mara milioni 289 katika saa 24. Hesabu hiyo waliitoa Disney, wamiliki wa Marvel, wenyewe kwa fahari, na mimi nimo humo zaidi ya mara moja. Sijaona kamisheni.

Angalau filamu yenyewe ingekuwa mwisho wa safari. Tangu Iron Man ya 2008, mhusika Nick Fury alipojitokeza baada ya majina ya mafundi kupita, tumefundishwa kubaki kitini hadi taa ziwake, mfagiaji akitusubiri na ufagio, ili tuonyeshwe kionjo cha filamu nyingine. Umelipa kiingilio, na ndani umeuziwa tangazo. Endgame, iliyokuwa na dakika 181, haikuweka hata kionjo. Ilitupa mlio wa nyundo ikigonga chuma. Watu wakatoka wakijadili nyundo.

Basi, msomaji, ukitumiwa trela, muulize aliyekutumia analipwa shilingi ngapi. Akisema halipwi, mwombe awashe hotspot uitazame kwa bando lake.