Mbaazi Zashtakiwa Bonga

Kipandauso kikimshika fundi cherehani mmoja wa Bonga, pale kando ya lami ya Babati kwenda Kondoa, mtaa mzima huwa daktari. Mwenye duka anasema malaria, ingawa kipimo kimeshatoka safi. Shangazi anasema presha, huku akimkaza kanga kichwani kama anayefunga gunia la alizeti. Jirani, ambaye hajaulizwa, anataja jicho la mtu, na mtu mwenyewe anamtaja kwa jina.

Fundi alikuwa na mshukiwa wake: mbaazi. Kuzishuku mbaazi Babati kunataka moyo, maana zinalimwa kila upande na nyingine husafirishwa hadi India. Akaziacha. Upande mmoja wa kichwa ukaendelea kugonga, mwanga ukimchoma macho, harufu ya vitunguu vya jirani ikimtapisha.

Akahamia kwenye miwa. Hapa ushahidi ulikuwa mzito: akitafuna muwa jioni, kesho yake yuko chumbani, pazia limefungwa. Kumbe hapo ndipo kipandauso huwachezea watu shere. Saa kadhaa kabla ya maumivu, hata siku nzima, ubongo huwa umeshaanza vurugu: mtu anapiga miayo ovyo, shingo inakakamaa, anatamani vitamu. Ile hamu ya muwa ilikuwa tarishi wa ugonjwa, si mzazi wake.

Muuguzi akamshauri aandike daftari: chakula, maji, usingizi, hedhi, dawa. Kesi ikaanza upya, na mshtakiwa akawa siku ya mnada. Siku hiyo fundi huamka usiku wa manane, huondoka bila kula, hukaa juani mpaka alasiri, na maji hanywi kwa sababu choo cha mnadani hakisimuliki. Kimoja kimoja alivimudu. Vikikutana, tena karibu na hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka, kichwa kinasalimu amri.

Hayuko peke yake. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika eneo la Hospitali ya Haydom, humohumo Manyara, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watu zaidi ya 7,000 na kukuta kipandauso kwa wanawake ni karibu mara tatu ya wanaume. Mumewe alipoambiwa alijipongeza, kana kwamba kuna alichofanya.

Katika daftari lake, safu ya dawa ndiyo iliyomtia aibu. Anayemeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, anaweza kujiongezea maumivu mengine juu ya yale ya kwanza.

Sasa analala na kuamka saa zilezile, hata Jumapili, anakunywa uji kabla ya kutoka na kubeba chupa ya maji. Chai ameipunguza kidogo kidogo, kwani kuikata ghafla nako huumiza kichwa. Maumivu hayajakwisha, ila yanakuja kwa nadra. Muuguzi amemwonya: yakija ghafla kama radi, au pamoja na homa na shingo ngumu, au upande mmoja wa mwili ukilegea, ni hospitali mara moja, si kanga.

Kwa jua la mnadani amenunua pama pana. Wateja wanadhani ameanza biashara ya kofia, na wengine wameshaulizia bei.