Dakika 48 za Kitabu

Binti wa kaka yangu, kidato cha pili, alinivunjia heshima Jumamosi moja huku ana andazi mkononi. Hereni yake ilidondokea nyuma ya kile kidroo cha dashibodi kilichoko mbele ya abiria, tunachojazia risiti, chaja mbovu na miwani isiyo na mkono. Nikamwambia aache, tutalipeleka gari kwa mafundi. Hakunisikia, au alijifanya. Akamwaga kila kitu miguuni, akachomoa kimkono chembamba cha plastiki pembeni, akazibana mbavu za kidroo kwa vidole, kidroo kikashuka kikalala mapajani mwake. Andazi wala halikuyumba. Hereni akaipata. Na kwa kuwa yuko kwenye umri wa kufungua kila chenye kifuniko, akaona kifuniko kule ndani, akakibandua, akavuta kitu cheupe chenye mikunjomikunjo.

“Shangazi, hii nini?”

Hiyo, mwanangu, ni shilingi 171,100.

Ni chujio la hewa ya ndani ya gari, na lilikuwa jeupe kwa sababu lilikuwa limewekwa majuzi tu kwenye karakana ya kampuni moja kubwa ya magari hapa Dar es Salaam. Ni karakana ya vigae vinavyong’aa, na hata mafundi wake wananukia sabuni. Niliwapelekea gari kwa kuwa kila nikiwasha AC nilipigwa na harufu ya soksi za mpira zilizosahauliwa kwenye begi. Dada wa mapokezi aliniuliza kwanza kama baba yuko njiani. Nikamjibu kwamba baba ni marehemu. Tukaelewana.

Wakanikalisha kwenye kochi na kahawa. Kati yangu na gari kulikuwa na ukuta wa kioo, na hapo ndipo walipojisahau, kwa maana nilikuwa naona. Kijana wa ovaroli akafungua mlango wa abiria, akainama, akainuka, akaondoka. Kahawa ilikuwa bado inaunguza ulimi. Nikadhani amefuata spana. Kumbe amemaliza.

Ikaja karatasi. Chujio, 65,000. Ufundi, saa 0.8, 72,000. Vifaa vya karakana, 8,000. Kisha VAT asilimia 18, ambayo ni 26,100, maana Serikali nayo ina mkono wake kwenye kila kidroo. Nikaanza na hivyo vifaa vya karakana. Nikaelezwa kuwa ni vitambaa, grisi, dawa ya kusafishia. Grisi ya wapi, wakati pale ni plastiki kwa plastiki? “Mfumo ndio unaweka, mama.” Ukishasikia mfumo umetajwa, ujue hakuna mtu wa kugombana naye.

Ndipo nikauliza hiyo sifuri nukta nane.

Ninachowashukuru ni kwamba walinieleza, na maelezo yenyewe yalinikolea mpaka nikasahau hasira kwa muda. Karakana za namna hii zina saa mbili. Ipo ya ukutani, ambayo kazi yake ni kuonyesha muda wa kula. Na ipo ya kitabuni, siku hizi ndani ya kompyuta. Kila kazi ya gari imeandikiwa muda wake humo: kubadilisha plagi, kutoa pampu ya maji, kushusha gia boksi. Saa moja inakatwa mafungu kumi, kila fungu dakika sita, kwa hiyo 0.8 ni dakika 48. Mteja halipii muda ambao fundi ameutumia. Analipia muda ambao kitabu kinasema kazi inastahili, ukizidishwa kwa bei ya saa moja, ambayo pale ni elfu tisini.

Usicheke haraka, kuna haki ndani yake. Boliti ikikataa kutoka kwa kutu, fundi akaikalia nusu siku na kulaani ukoo wake wote, kwa sheria ya kitabu mteja haongezewi. Uzembe wa fundi hauingii kwenye bili yako. Kule Marekani mafundi wengi hulipwa wao wenyewe kwa saa za kitabu, na fundi mwepesi anaweza kuingia kazini saa mbili asubuhi, akatoka saa kumi jioni akiwa ameandikiwa saa kumi na mbili za kazi, na hajamdanganya mtu. Amekishinda kitabu tu.

Ila boliti inaota kutu, kidroo cha dashibodi hakioti. Kwenye kazi ndogondogo kitabu hakina namna ya kushindwa. Ni ushindi wa mezani, kila siku, kwa kila gari linaloingia na vumbi, na kwa mji huu ni magari yote. Nikamwuliza yule dada: zile dakika nilizozilipia na hazikutokea, zimekwenda wapi? Akanisogezea kibakuli cha peremende.

Baada ya aibu ya andazi nilikesha nikifuatilia hewa ya gari inapita wapi, na tangu hapo siwezi kupanda gari la mtu bila kumweleza. Hewa ya nje inaingilia chini ya kioo cha mbele, kwenye wavu pale wipa zinapolala na majani ya mwarobaini yanapoozea. Inavutwa na feni iliyojificha nyuma ya kidroo cha abiria. Ule mvumo unaousikia ukizungusha hadi nne ndio yenyewe. Kwenye njia hiyo limewekwa chujio, kitambaa cha nyuzi kilichokunjwa mikunjo mingi ili eneo kubwa lienee mahali padogo. Lina mshale ubavuni, kwa sababu lina upande wake wa kuingizwa. Ukibonyeza kile kitufe cha mshale unaozunguka, feni inaacha hewa ya nje na kuvuta ya miguuni kwa abiria, na vumbi la viatu vyake linaishia kwenye mikunjo hiyohiyo. Chujio langu la zamani nilirudishiwa ndani ya boksi la jipya: mbawa za kumbikumbi, kiunyoya cha kunguru, na weusi ambao sikutaka kujua ni wa nini.

Hewa ikitoka hapo inapita kwenye evaporeta, msongamano wa vibomba na mapezi ya alumini. Ndani ya vibomba dawa ya AC inaingia ikiwa majimaji, inachemka na kuwa gesi, na katika kuchemka kwake inanyonya joto la hewa inayopita nje. Ndiyo, inachemka, na ndicho kinachokupoza. Unyevu wa Dar nao ukigusa ubaridi ule unageuka matone, yanadondokea kwenye trei, yanateremka kwa mpira mwembamba mpaka barabarani. Ni yale maji ambayo ukisimama foleni ya Mwenge msamaria anakugongea kioo: “Mama, gari linavuja!” Halivuji. Hiyo ni hewa ya mji, imekamuliwa.

Sasa nirudi kwenye ile elfu tisini, na hapa utani unaniishia. Kijana yuleyule wa ovaroli ndiye aliyenitolea gari nje. Akanikabidhi funguo kwa mikono miwili, akatazama nyuma kidogo, akasema kwa sauti ya chini: “Mama, ya maji basi.” Elfu tisini kwa saa, na mwenye mikono hana ya maji. Nimelipia vigae, kioo, kochi, kahawa na peremende, na kwenye karatasi pameandikwa ufundi.

Wenye magari mapya wanaokimbilia karakana za namna hii angalau wana kisingizio cha waranti: wanaogopa wakijigusia kitu itafutwa. Hata kisingizio hicho kwingine kimebanwa. Marekani wana sheria tangu 1975 inayomkataza mtengenezaji kukufungia waranti kwa sharti la kutumia spea na mafundi wake tu. Jimbo la Massachusetts lilipiga kura mwaka 2012 kuwalazimisha watengenezaji wazipe gereji za nje taarifa za matengenezo. Afrika Kusini wana miongozo ya Tume ya Ushindani iliyoanza Julai 2021, inayomruhusu mwenye gari kwenda gereji anayoitaka waranti ikiwa bado hai.

Mimi sina waranti ya kufutwa. Gari langu lilizeekea Japani kabla halijashushwa bandarini. Redio yake ilikuja na masafa ya kule ya zamani, yaliyoanzia 76 na kukomea 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo mpaka 108. Bila kufungiwa kifaa cha kubadilisha masafa ningekuwa nasikiliza mikwaruzo. Kila asubuhi nikiwasha injini, mama mmoja wa Kijapani ananikumbusha kwa upole kwamba sijaweka kadi ya kulipia barabara za kwao. Hakuna kampuni inayonidai utiifu. Na kitabu cha gari, nimekuja kukigundua, kilikuwa ndani ya kidroo hichohicho siku zote. Kwa Kijapani, ndiyo. Lakini kina ukurasa wa picha: vidole viwili vikibana mbavu za kidroo.

Tangu hapo nimejibadilishia balbu ya taa ya breki: ukishafungua parafujo za nje, ni kuzungusha kishikio robo mzunguko. Wipa nazo nimebadilisha, ingawa mkono wa chuma uliniponyoka na kioo kikapona kwa dua. Betri ya rimoti ni kile kidude cha duara, CR2032, na kuibandua unahitaji kucha tu. Breki sigusi, mifuko ya hewa sigusi, na ukiona nyaya za rangi ya chungwa kwenye gari la haibridi rudisha mkono mfukoni. Hizo nitalipia kitabu na grisi yake bila kuguna.

Harufu, kwa taarifa yako, haikutoka.

Chujio halikuwa na kosa. Ule mpira wa maji ulikuwa umeziba, maji yakawa yanalala kwenye trei na kuota ukungu, na kapeti la upande wa abiria lilikuwa limelowa. Aliyeligundua hilo ni fundi wa kando ya barabara kule Gerezani, na alilijua kwa kupapasa kapeti. Akatandika kipande cha boksi kwenye mchanga, akajilaza chini ya gari saa saba mchana, akautafuta mpira kwa vidole bila kuuona, akaupuliza kwa kompresa. Maji meusi yakamrukia shingoni. Akatoka, akajifuta kwa fulana, akasema elfu tano.

Mume wangu alikuwepo. Ni huyuhuyu ambaye nilipomwonyesha ile karatasi ya 171,100 alisema angalau pale ni sehemu ya uhakika.

“Elfu tano kwa kupuliza tu? Dakika mbili hizi!”

“Basi nipe tatu, bosi.”

Akampa tatu, akarudi kwenye usukani ameridhika. Nikamwuliza kama anajua kupuliza kule kumeandikiwa dakika ngapi kitabuni. Akasema nisimtie aibu mbele za watu.