Spana Inayolia

Kila nikikaza nati za gari hapa uani, Nyeri, jirani yangu huchomoa simu mfukoni akidhani ametumiwa pesa. Spana yangu inalia vivyo hivyo: tii, tii, halafu tiii ndefu na taa nyekundu, kumaanisha nati imetosha, acha. Ni ya dijitali. Ni ya mtumba pia.

Niliinunua Nanyuki, karibu na ile alama ya ikweta ambapo watalii huonyeshwa beseni lenye tundu na njiti ya kiberiti: upande huu wa mstari maji yanazunguka hivi, upande ule vile. Kumbe mzunguko wa dunia hauna ubavu wa kugeuza maji ya beseni. Hufuata mkono wa aliyeyamimina. Nililijua hilo, nikawacheka watalii, kisha nikavuka barabara nikatoa shilingi 3,800 kwa spana iliyolazwa juu ya gunia. Muuzaji aliapa imetoka kwa wanajeshi wa Uingereza wanaofanyia mazoezi huko. Nanyuki, chochote kisichojulikana kilikotoka kimetoka kwa wanajeshi wa Uingereza. Kioo kilikuwa na ufa kwenye kona. "Hiyo ni sura tu, bosi," akasema. "Namba si unaziona?"

Niliziona.

Aliyenifikisha huko ni fundi wangu. Yeye hukaza nati kwa mguu. Huingiza wili spana, huipanda, hudunda mara mbili, na ukimuuliza kama imekaza hukutazama kana kwamba umemwomba kitambulisho. Nati za Probox yangu zinataka nyutoni-mita 103 tu. Ukizidisha sana, bolti huvutika mpaka siku moja ikatike. Ukipunguza, gurudumu linakuaga njiani. Nikaweka 103, nikakaza zote 16, tiii baada ya tiii. Siku hiyo nilikunywa chai kama mhandisi.

Wiki mbili baadaye nikapata pancha Naro Moru, manyunyu yakianguka na mlima umejifunika blanketi. Wili spana haikutikisa nati hata moja. Nikaipanda. Nikadunda, mimi niliyemsema fundi kwa kudunda. Wakaja vijana wa bodaboda, wakachomeka paipu kuurefusha mkono, watatu wakaning'inia, nati ikalia kama mbuzi anayeburutwa sokoni Karatina.

"Mzee, ni nani alikukazia hizi?"

Nikasema ni fundi.

Jirani yangu, yule wa simu, ni mwalimu wa fizikia. Jumamosi akanifuata hadi gereji kwa fundi, akabana bolti kwenye jiliwa, akaitia spana ikalala sawasawa, kisha akatundika mtungi wa maji nusu mita kutoka kwenye bolti. Lita 20 ni kilo 20, plastiki yenyewe kama kilo moja. "Ishirini na moja mara 9.8 mara nusu," akasema, "ni 103."

Spana ikaandika 76.

Nikasema imeharibika, nikaanza kupiga hesabu ya mafuta ya kumrudia yule wa gunia. Mwalimu akainamia kioo, akakifuta kwa kidole, akaanza kucheka peke yake kama mtu aliyekumbuka jambo kanisani. Ilikuwa nzima kabisa. Ilikuwa inasoma kwa futi-pauni, na 76 za futi-pauni ndizo 103 za nyutoni-mita. Herufi za kipimo zilijificha kwenye kona, chini ya ule ufa. Nilipoweka 103 yangu, nilikaza kila nati karibu 140.

Fundi alikuwa ameegemea boneti, kimya, akifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. Akaomba ajaribu. Mtungi ukashushwa, akashika spana kwa mikono miwili bila kutazama kioo, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukasimama.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo pa gurudumu."

Tukasoma: 139. Uso wake ukachanua, aliona ananikaribia. Mwalimu akabonyeza kitufe kidogo ubavuni, kioo kikahamia nyutoni-mita, na namba ileile ikawa 188.

Fundi akaitazama kwa muda.

"Rudisha ile ya kwanza," akasema. "Ile ilikuwa na adabu."