Kesi ya Mtutu Mzee

Katika trapu ya Kimarekani, mchezo wa kupiga visahani vinavyorushwa angani, bunduki ndiyo mshtakiwa wa kwanza kila mlengaji anapokosa, na sehemu inayofikishwa kizimbani kabla ya nyingine zote ni mtutu, ambao, ingawa una mdomo, haujui kujitetea. Kilengwa chenyewe huitwa njiwa wa udongo, jina lililosalia tangu enzi za njiwa hai waliokuwa wakifunguliwa kutoka visandukuni. Huyu wa leo si njiwa wala si wa udongo, bali ni kisahani cha lami na mawe ya chokaa yaliyosagwa, chenye upana wa sentimita 11 hivi, kinachomkimbia mlengaji kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa.

Mshtakiwa wa makala haya ni Winchester Model 12 ya geji 12, maana yake mtutu ambao upana wake ni sawa na wa gololi ya risasi ambayo kumi na mbili za aina yake hutimiza ratili moja. Model 12 ilianza kuuzwa mwaka 1912, na utengenezaji wake wa kawaida ukakoma mwaka 1964. Karibu na mdomo, mtutu wa trapu wa zama hizo hubanwa kwa milimita moja tu hivi, na mbano huo, uitwao choki, ndio unaoamua kama marisau, yaani punje za risasi zinazokaribia 400 kwa mfyatuo mmoja, yatakwenda yameshikamana au yatatawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe.

Mafundi, kwa ukarimu wao, wana tiba nyingi. Choki inaweza kupanuliwa, au mdomo ukachongewa hesi ili vipete vya mbano tofauti vifungwe na kufunguliwa kwa zamu. Koni, ile njia inayosinyaa kutoka chumba cha risasi kuingia mtutuni, inaweza kurefushwa, kwa kuwa wazee waliifanya fupi wakihofia moshi upenye kando ya vizibo vya sufi na karatasi ngumu, hofu iliyopungua vilipokuja vikombe vya plastiki. Wapo pia wanaotoboa matundu karibu na mdomo ili gesi irukie juu na kuuzuia mtutu usiinuke; faida hiyo humwendea mwenye bunduki, na kelele humwendea jirani anayesimama mita tatu hivi pembeni, ambaye hakuulizwa.

Ugumu wa uamuzi ni kwamba fundi wa nguo akikosea hufumua na kushona upya, ilhali chuma kilichokwanguliwa hakirudi, na kuta za mtutu mkongwe huenda hazina unene wa kugawa sadaka. Kwa hiyo ushahidi hukusanywa kwanza: karatasi kubwa hutundikwa umbali wa mita 37 hivi na kupigwa, kisha duara la sentimita 76 huchorwa kuzunguka mahali matundu yalipojaa zaidi. Choki kamili, yaani yenye mbano kama ule wa milimita moja, hutarajiwa kuingiza humo takriban asilimia 70 ya marisau.

Kazi ya kuhesabu, ambayo vitabu huipitia kwa sentensi moja, mmiliki wa bunduki hii aliifanya juu ya meza ya kulia chakula, akiweka alama ya penseli kwenye kila tundu, akapotea alipofika 212 baada ya kuulizwa kama atakula sasa au baadaye, akaanza upya, na katika hesabu ya pili akaingiza matone mawili ya mchuzi kabla hajagundua kwamba hayakupenya upande wa pili. Hesabu ya tatu ilitoa 281, na hapo mtutu ukaachiwa huru bila masharti.

Kilichobaki kilikuwa kitone cheusi alichokilenga, nacho kilikuwa shubiri nzima kulia kwa kitovu cha duara. Kwa kawaida shubiri hiyo haiondolewi kwa keekee wala kwa kipete, kwa maana hutokana na shavu linavyolala juu ya kitako, au na mlengaji anayeshtukia mlipuko kabla haujatokea. Mmiliki aliikunja karatasi pole pole, akampigia fundi simu kufuta miadi ya mtutu, na kabla ya kuagana akamuuliza kuchonga kitako ni shilingi, au tuseme dola, ngapi.